Mrudisheni Mzee Barazani

Dirisha langu la juu, hapa Kuze, Mombasa, linatazama baraza ya simiti iliyoshikana na ukuta wa nyumba ya pili. Nilipozaliwa niliikuta, na baba yangu naye aliikuta. Baada ya Alasiri huketi pale watu wanane, tisa, siku nyengine kumi na mbili wakibanana. Muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe, mtoto hutumwa viazi karai, na mazungumzo huanza na bei ya samaki, na kabla ya adhana ya Magharibi huwa yameshafika Ikulu. Mimi ni mwanamke, siketi barazani. Lakini ya pale nimeyasikia kwa zaidi ya miaka hamsini, na Kiswahili nilichowafundisha watoto wa watu darasani hadi nikastaafu, kingi nilikiokota dirishani hapa.

Mwezi uliopita, siku ya kuwakumbuka waliouawa katika maandamano ya Juni 25, 2024, baraza ile ilivunjika. Kijana mmoja wa mtaa, anayesoma chuo kikuu Nairobi, alikuwa amerudi nyumbani kwa siku chache. Aliketi kando ya babu yake kama alivyozoea tangu mdogo. Mtu akasoma habari za maandamano kwenye simu, na mzee akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Nti haichezewi. Ukiivunda hii, huna nyengine." Kijana akajibu kwamba hakuna anayeivunja, wanaidai. Mzee akasema wanatumiwa, na kwamba mtu anayeitukana serikali yake mbele ya ulimwengu mzima hana uzalendo. Kijana akanyamaza kidogo. Kisha akatamka neno ambalo najua amelijutia: "Kwa hivyo mzalendo ni mwoga, babu?"

Kutoka juu sikuuona uso wa mzee, niliona kofia yake tu. Ilitulia pale pale muda mrefu. Halafu akaichukua bakora yake, akasema "Haya," akaondoka.

Hajarudi tangu siku ile. Huenda msikitini kwa kichochoro cha nyuma, chenye mteremko unaomuumiza magoti. Pahali pake, pembeni mwa ukuta panapopata upepo wa bahari, hapaketi mtu. Kijana naye alirudi chuoni asubuhi ya pili bila kumuaga.

Naandika kuwaomba nyote, watu wa Kuze na wenzetu wa Kibokoni, Mkanyageni, Bondeni na Mlango wa Papa, tusiuache ugomvi wa nchi ubomoe nyumba zetu. Najua baraza yetu si peke yake. Nimeambiwa habari za baba na binti wasiokula sinia moja tangu binti alipoonekana kwenye picha ameshika bango. Nimeona makundi ya simu ya mtaa ambamo majirani wa miaka arobaini wanaitana wasaliti. Na kila upande unajiita mzalendo. Wote wawili, mzee na mjukuu, wanasema wanaipenda Kenya, na mimi nawaamini wote wawili. Ndiyo maana siwezi kukaa kimya.

Nianze na nyinyi wanangu mlioko vyuoni. Mnapomwita mzee mwoga hamjui anachokikumbuka, na kosa ni letu tuliowalea bila kuwasimulia. Mzee wa miaka themanini hapa Kuze alikuwa kijana wakati Pwani yenyewe ilipokuwa inajadiliwa iende wapi. Ukanda huu wa maili 10 ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar kwa ulinzi wa Waingereza, na wako waliotaka usimame peke yake. Wakauita Mwambao. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walikubaliana, na Desemba 12 bendera ikapanda sisi tukiwa ndani yake. Waliotaka Mwambao hawakuhama. Waliamka wakiwa Wakenya, lakini Wakenya wanaotazamwa. Tangu hapo swali la uaminifu halijatuondokea mlangoni.

Kila aliyezaliwa Mji wa Kale anaijua foleni ya kipande cha kitambulisho. Mtoto alitimiza miaka 18, ana cheti cha kuzaliwa, ana vipande vya wazazi wote wawili, na bado aliulizwa cheti cha babu yake, kwa sababu ya jina lake, au rangi yake, au buibui la mama yake. Mwanangu nilimpeleka mara tano. Mara ya tano aliyekaa mezani alimwambia aimbe wimbo wa taifa. Akauimba, beti zote tatu, na watu wa foleni wote wakanyamaza kumsikiliza. Nilifika nyumbani nikalia, kisha nikamwambia asimsimulie babu yake. Kumbe babu yake alishafanyiwa hayo hayo, na yeye pia hakusimulia.

Mwaka 1982, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, baba yangu alituita watoto wake chumbani, akafunga madirisha, akatukataza kulitaja jina la rais nje ya nyumba, hata kwa kulisifu. Mwaka huo huo Alamin Mazrui, mwalimu wa chuo kikuu na mwana wa Pwani aliyeandika tamthilia ya Kilio cha Haki, aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Titus Adungosi, mwenyekiti wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alifungwa miaka 10 kwa uchochezi, akafia gerezani mwaka 1988. Wazazi wa siku hizo walijua mtoto anaweza kwenda kusoma na akarudi ndani ya sanda.

Na yako ya karibu zaidi, yaliyotokea nyinyi mkiwa watoto wa madrasa. Agosti 27, 2012 mhubiri Sheikh Aboud Rogo aliuawa kwa risasi barabarani, na Mombasa ikawa vurugu tupu. Februari 2, 2014 polisi waliingia Masjid Musa pale Majengo wakakamata zaidi ya watu 100. Katika miaka ile vijana walichukuliwa na watu wasiovaa sare, wengine hawakuonekana tena. MUHURI na HAKI Africa, mashirika ya hapa hapa Mombasa, yalikusanya majina yao. Wengi wetu hatukukubaliana na mahubiri yaliyokuwa yakitolewa na Rogo na wenzake. Hilo halikutuzuia kujua kwamba mwenye kosa hupelekwa mbele ya hakimu, hapotezwi. Mama zao wangali hai mitaani humu. Mmoja wao hupita chini ya dirisha langu kila Ijumaa. Basi mzee wenu akisikia neno maandamano, linalomjia ni gari linalosimama mlangoni saa nane za usiku.

Huyu ni mtu aliyezika, wanangu. Msimwite mwoga.

Sasa wazee wangu, na wenzangu ambao nywele zimekwisha kubadilika, tujiangalie na sisi.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kodi ya asilimia 16 kwenye mkate, ukagusa mafuta ya kupikia na nepi za watoto. Ni vijana waliousoma. Waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaufafanua kwenye simu kwa dakika mbili mbili hata mchuuzi wa Marikiti akaelewa. Mimi nimesomesha miaka thelathini na sijapata kuona darasa likisoma sheria kwa hiari namna ile. Walitoka barabarani, Nairobi, Mombasa na miji mingine mingi, na mikononi walikuwa na simu, chupa za maji na bendera. Nawaomba mlikumbuke hilo la bendera. Watoto tunaowashuku kuwa hawaipendi nchi walikwenda wamejifunga bendera ya nchi mabegani, wakauimba wimbo ule ule ambao mwanangu aliuimba kwenye foleni ya kipande.

Juni 25 Bunge liliupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106. Waandamanaji wakaingia Bungeni, sehemu ya jengo ikawashwa moto, na polisi walikuwa wakifyatua risasi za kweli. Usiku ule Rais William Ruto aliyaita yaliyotokea uhaini. Kesho yake alitangaza kwamba hatautia saini mswada ule, kwa kuwa wananchi wameukataa. Jumanne na Jumatano. Nimezitafakari siku hizo mbili mara nyingi. Kuvamia Bunge ni kosa, nami sitalitetea. Lakini wengi walioandamana hawakufika Bungeni, na hoja yao ilikuwa ya haki Jumanne kama ilivyokuwa ya haki Jumatano. Kati ya siku hizo mbili kulikuwa na maiti. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu watu 39 waliokufa na 361 waliojeruhiwa kufikia Julai 1. Kufikia mwisho wa mwaka ikawa imeorodhesha watu 82 waliotekwa nyara tangu Juni.

Wazee wangu, sura ya hilo la utekaji si tunaijua? Gari lisilo na nambari, watu waliofunika nyuso, simu inayozimwa, mama anayezunguka vituo vya polisi akiambiwa hayupo. Yaliyowapata watoto wa Majengo yamewafika watoto wa Nairobi na Embu. Yalipotufika sisi, bara walikuwa wachache waliotulilia. Wengi waliamini kwamba lazima kulikuwa na sababu. Sasa kijana wa bara anajua, na anayemwambia kwamba sisi tulijua kabla yake ni huyu mjukuu wenu aliye naye chuoni. Nimewasikia wakizungumza hivyo. Nchi yetu ina miaka zaidi ya sitini, na kwa mara ya kwanza katika umri wangu naona mtoto wa Kuze na mtoto wa Murang'a wanaliita jambo moja kwa jina moja. Hicho ndicho tulichokuwa tukikitaka kila tulipoulizwa sisi ni Wakenya au la. Tusikitupe kwa sababu kimekuja na kelele.

Ndiyo maana nasema mzee na mjukuu wanalia msiba mmoja, ila kila mmoja amempa mwenzake mgongo.

Kuna kisa cha Mombasa ambacho natamani kisimuliwe tena barazani, kwa utulivu, na anayekijua vizuri zaidi yangu. Mwaka 1968 kijana mmoja wa mji huu, karani wa hesabu katika Baraza la Manispaa ya Mombasa, aliandika karatasi za kisiasa akiunga mkono chama cha upinzani cha KPU cha Oginga Odinga. Moja ilikuwa na anwani ya maneno mawili: Kenya: Twendapi? Ilikuwa ikiuliza serikali ya Kenyatta inaipeleka wapi nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka mitano tu. Jina lake Abdilatif Abdalla, na umri wake miaka 22, umri wa mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne. Alikamatwa Desemba 1968, akashtakiwa kwa uchochezi. Mahakama ikampa miezi 18. Upande wa serikali ukakata rufaa ukisema haitoshi, na ikawa miaka mitatu. Muda mwingi wa kifungo alikaa peke yake, akinyimwa kalamu na kitabu. Mashairi yake aliyaandika kwenye karatasi za chooni, na yakatoka nje kwa siri.

Alitoka mwaka 1972. Mwaka uliofuata mashairi yale yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 kitabu kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Aliyefungwa kwa kumuuliza Kenyatta swali, alituzwa kwa jina la Kenyatta, naye Kenyatta yungali rais. Lakini mwenyewe hakuwako. Alikuwa Dar es Salaam akifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, kisha London kwenye idhaa ya BBC, kisha miaka mingi Leipzig kule Ujerumani akisomesha lugha yetu. Kenya ilimpoteza mtu wake kwa sababu ya maneno mawili na alama ya kuuliza.

Nilikuwa nikiwauliza wanafunzi wangu: huyu alikuwa mzalendo au msaliti? Kila mwaka walijibu haraka kwamba mzalendo. Ni rahisi kujibu baada ya miaka hamsini. Swali gumu nililokuwa nikiwaachia waende nalo nyumbani ni hili: mngekuwa majirani zake Desemba ile ya 1968, mngempelekea mama yake chakula, au mngefunga mlango? Sina ninayemlaumu kwa mwaka ule. Nauliza kwa sababu mwaka ule umerudi, na milango ni ile ile.

Na katika nyumba hiyo hiyo ya kina Abdilatif kuna la kuwafaa wanaodhani kwamba kutofautiana ni kuvunja udugu. Nduguye mkubwa, Sheikh Abdilahi Nassir, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa miongoni mwa waliokwenda London mwaka 1962 kuutetea Mwambao. Mmoja aliisemea Pwani mbele ya Kenya, wa pili aliisemea Kenya mbele ya serikali yake. Hakuna aliyemfuta mwenzake katika ukoo. Mombasa hii ilizoea hivyo tangu zama za mshairi Muyaka bin Haji, ambapo watu wa Mvita na wa Lamu walipigana vita kweli, lakini pia walijibizana kwa mashairi, na jibu likingojwa kwa hamu kama mgeni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la Al-Islah hapa mjini mwaka 1932, wakati wa mkoloni, aliwakosoa Waislamu wenzake bila kuuma maneno. Miaka michache baadaye akawa Kadhi Mkuu. Kusema ukweli mchungu ndani ya mji huu hakukuletwa na simu.

Mzee alisema wanafunzi wanatumiwa. Nimelipima neno hilo kwa makini, sitalitupa. Ni kweli kwamba maandamano huingiliwa. Juni 17, 2025 watu waliobeba marungu na mijeledi waliwavamia waandamanaji katikati ya Nairobi, na siku hiyo hiyo mchuuzi wa barakoa, asiye na silaha, alipigwa risasi ya kichwa na afisa wa polisi, akafariki kabla ya mwezi kwisha. Waliotumiwa siku ile walikuwa wenye mijeledi. Ni kweli pia kwamba maduka yameporwa, na mwenye duka lililovunjwa hana mswada aliouandika wala mtoto aliyemteka. Ni mtu wa kawaida mwenye mkopo na watoto wa shule. Wanangu, hapa mzee wenu ana haki, mpeni. Anayechukua simu dukani akakimbia hayumo katika safu yenu, na mkimwona mkanyamaza mtakuwa mmemkabidhi adui yenu fimbo ya kuwapigia. Kelele za kumzuia ziwe zenu kabla hazijawa za polisi.

Kuhusu sheria nitasema machache, kwa kuwa nimeshangaa ni wangapi kati yetu hatuijui. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kugoma mbele ya ofisi na kupeleka malalamiko, kwa amani na bila silaha. Kifungu cha 33 kinalinda kusema, na kinatoa nje ya ulinzi huo propaganda ya vita, uchochezi wa fujo na matamshi ya chuki. Kuikosoa serikali hakumo katika orodha hiyo. Kosa la uchochezi alilofungiwa Abdilatif lilifutwa katika sheria zetu mwaka 1997. Sheria ya utulivu wa umma inataka polisi wapewe taarifa angalau siku tatu kabla ya maandamano. Aliyekamatwa lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia mahakama imefungwa. Na Kifungu cha 3 kinasema kila mtu ana wajibu wa kuiheshimu Katiba na kuitetea. Mzee wangu, huo ndio uaminifu tuliotakiwa kwa maandishi, na haikuandikwa kwamba uaminifu huo ni kwa mtu yeyote aliye madarakani.

Hata viongozi waliokasirika waliweza kusikia. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam waliandamana hadi kwa Mwalimu Nyerere, Rais wa Tanzania, wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Lugha yao ilikuwa ya kuudhi. Mabango mengine yalisema afadhali mkoloni. Nyerere aliwafukuza karibu wanafunzi 400, na nadhani alikosea kuwafukuza. Lakini palikuwa na neno moja lililomchoma, kwamba wakubwa wanawadai vijana kujitolea huku wao wananenepa, na siku hiyo hiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wale wanafunzi walirudishwa baadaye. Nalitaja hili kwa ajili ya wenye vyeo katika kaunti yetu na Nairobi, ikiwa litawafikia: mtoto akikosea adabu, bado huenda amesema kweli.

Sasa ombi langu lenyewe.

Mama na shangazi, nawageukia nyinyi kwanza, kwa kuwa mtoto akikamatwa ni sisi tunaokwenda kituoni na chupa ya chai. Tuijue njia kabla ya kuihitaji. Tuandike nambari ya wakili ukutani jikoni, pamoja na nambari za mashirika ya haki yaliyo hapa mjini. Tukifika kituoni tuulize kitabu kinasema alikamatwa saa ngapi, tuiandike saa hiyo, tuhesabu 24. Asiende mtu peke yake. Mtaa mzima una akina mama. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana aliyekuwa akifundisha hapa hapa Pwani, kule Taita Taveta, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa jambo alilodaiwa kuandika mtandaoni, akapelekwa Nairobi, na kabla ya kupambazuka kesho yake alikuwa amekufa mikononi mwa polisi. Baba yake alimfuata Nairobi asubuhi ile na kukabidhiwa msiba. Mimi ni mwalimu, na nilipoisikia habari ile nilikaa ngazini nikashindwa kupanda. Tuwe wengi na tufike mapema.

Na picha za watoto wa jirani tusizisambaze. Picha inayotumwa kwa kucheka kwenye kundi la mtaa leo, kesho imo katika simu ya mtu anayetafuta nyumba. Binti aliyeshika bango ana mlango, na mlango huo uko Kuze. Walioanza kumwita msaliti wafute maneno yao. Kama ana kosa, aitwe aelezwe na mtu mzima mwenye mapenzi naye.

Wazee, kumkataza kijana asiende mnaweza, na wengine watawatii. Ila msimwambie haipendi nchi yake. Neno hilo tulitupiwa sisi miaka sitini, tunajua linavyokata. Mwambieni mnaogopa. Msione haya kulisema. Mwambieni mlichokiona mwaka 1968, na 1982, na 2014, kwa majina na kwa mitaa. Mtoto akijua babu yake alilala macho wazi kwa sababu gani, hatamwita mwoga tena.

Na nyinyi wanafunzi, kabla hamjapanda basi kurudi, kaeni mbele ya babu au bibi. Mwambieni mnakwenda wapi, na nani, na mtarudi vipi. Taarifa ya siku tatu ipelekeni kwa polisi na nakala yake muiache nyumbani. Msimjibu mzee kwa kauli mnazojibiana kwenye simu. Mnajua kuandika; basi andikeni kile anachokumbuka, maana akiondoka ataondoka nacho. Utetezi wenu mkubwa ni kwamba hamkuanza nyinyi, na anayeweza kulithibitisha hilo yuko hai, anapita kichochoro cha nyuma akiyaburura magoti yake.

Jambo moja zaidi, ambalo nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu wadogo wakalifurahia. Wimbo wetu wa taifa, tunaousimamia wima huku tumenyamaza, sauti yake ilichukuliwa kwa Wapokomo wa Mto Tana, watu wa Pwani. Ilikuwa ya mama akimbembeleza mwanawe asilie. Sijui kama waliouchagua walifikiria sana juu ya hilo. Mimi nimelifikiria kila nilipowaona watoto wale na bendera mabegani.

Alhamisi ijayo, baada ya Isha, kahawa ya baraza yetu itakuwa ni yangu, na kaimati nitapika mwenyewe. Nimemuomba imamu atukumbushe baada ya sala, naye amekubali. Wanawake tutakaa ndani, na mlango utakuwa wazi, na safari hii nitasema bila kujificha dirishani. Wakili mmoja wa mtaa amekubali kuja kujibu maswali. Natafuta watu wawili wa makamo, wenye heshima na mzee, waende kwake kabla ya Jumatano wamwambie pahali pake pa pembeni pamefagiliwa. Asiambiwe aje kusamehe, wala kwamba kijana ameshinda au ameshindwa. Aambiwe tunataka atusimulie habari za Desemba 1963, alikuwa wapi bendera ilipopandishwa.

Kijana nimempigia simu. Alinyamaza mpaka nikadhani imekatika, kisha akaniuliza kama babu yake bado anapenda tende za ajwa. Mtihani wake wa mwisho ni Jumatano, na basi la asubuhi kutoka Nairobi huingia Mombasa kabla ya Magharibi.